Mapigo ya Havijawa

Mgeni akifika nyumba ya Mama Tesha, pale Mji Mpya, Morogoro, kabla hajaulizwa habari za atokako huulizwa kwanza: "Una nini kinacholia?" Simu, saa, funguo za pikipiki, kile kidude cha kupimia sukari, vyote huingia kwenye kapu la mlangoni na kufunikwa kwa mto wa sufi. Wapangaji sita na watoto wao, na hapakuwa na jiko hata moja lenye mlio. Sikudhani, msusi wa chumba cha pili, alilichokonoa jokofu lake kwa kisu cha mezani mpaka likanyamaza. Mama Tesha mwenyewe, mwenye nyumba, ambaye habari zake hufika sokoni kabla ya miguu yake, aliziba kengele ya mlango kwa gundi ya viatu. Kelele za watu zilikuwa ruksa. Watu walicheka, waligombana, waliimba wakikoga, walimsema aliyetoka kabla kisigino chake hakijavuka kizingiti. Kilichokatazwa ni ule mlio mmoja tu, mwembamba, wa mashine.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, msoma mita wa maji akaingia kwa mlango wa uani. Bwana wa makamo, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Kapu halikuwa upande ule. Kidude chake kikaikuta mita, kikafurahi mfukoni: ti, ti, ti.

Hamdani alikuwa amechuchumaa karibu na karo akipanga vifuniko vya soda kwa rangi. Miaka sita na miezi kumi. Mkono wake ukasimama hewani na kifuniko chekundu. Hakulia. Laiti angelia. Macho yalifunguka mpaka weupe ukazunguka pande zote, mabega yakapanda yakagusa masikio, na kifua kikakaa kimya.

Mkunde, mama yake, aliitupa nguo aliyokuwa akiifua. Alijua la kufanya, alikuwa amefundishwa: mlaze chali, usipige kelele, usimshike kifua, mpulizie usoni, hesabu. Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Uani pakawa kimya kama msibani kabla maiti haijatoka. Sikudhani alibaki na nywele za mteja mkononi. Sitini. Midomo ya mtoto ikageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Tisini. Tisini na tano ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote mpaka siku hiyo, ile ya mwezi wa Ramadhani. Mia moja. Mkunde akapuliza, akapuliza, na pumzi yake mwenyewe ikaanza kumwisha. Mia na kumi. Mia na ishirini. Kucha za mtoto zilikuwa nyeusi sasa. Akasikia mtu anasoma Yasini kwa sauti ya chini akatamani kumziba mdomo. Mia na thelathini na nane, Hamdani akavuta hewa kwa mkwaruzo, kama mlango mbovu unaoburuzwa sakafuni, akatapika chai.

"Mama, nimefanya nini jamani?" msoma mita aliuliza, machozi yanamtoka.

"Hujafanya kitu, baba," Mama Tesha akamjibu. "Umeingia na shetani mfukoni bila kujua. Nenda. Na mita yenyewe useme umeisoma."

Mkunde alijaribu kumpakata mwanawe. Mtoto alimkubalia, maana alikuwa na adabu, lakini mwili wake ulikaa mkavu mapajani kama kiti kimewekwa juu ya kiti.

*

Hospitali ya Viota ilikuwa juu kidogo kwenye mteremko wa Uluguru, na watu wa mjini waliifupisha wakaiita Viotani. Hapo ndipo walipolelewa watoto wote waliozaliwa kabla ya siku zao tangu viota vilipokuja: zile chupa laini zenye joto, zinazopumua, zinazomtikisa mtoto kidogo kidogo. Kiota kilikuwa pia karani. Kila lililompata mtoto ndani yake kililiandika.

Daktari Kwayu, mwanamke mfupi mwenye kandambili za mpira na sauti ya mwalimu wa chekechea, aliifungua hati ya Hamdani ukutani. Ukuta mzima ukajaa nukta nyekundu.

"Elfu moja mia tisa na sita," alisema. "Sindano, mirija ya puani, plasta kubanduliwa, taa kuwashwa ghafla. Siku arobaini na moja. Alikuwa na gramu mia nane na tisini, dada Mkunde. Tusingemchoma, asingekuwepo."

"Sikulaumuni, daktari."

"Sasa tazama hapa." Kando ya kila nukta nyekundu, ikiitangulia kidogo tu, palikuwa na nukta ya njano. "Huu ni mlio. Mashine inalia, kisha mkono unakuja na sindano. Mlio, maumivu. Mlio, maumivu. Mtoto wa wiki ishirini na saba hajui kujiambia kwamba hili litapita. Mwili wake ulikariri somo, na mpaka leo ukisikia mlio unajikaza kungoja sindano. Ukingoja hivyo unasahau kupumua. Na kila mwaka unangoja muda mrefu zaidi."

"Leo ilikuwa mia na thelathini na nane."

Daktari akaiandika namba hiyo, akaipigia mstari mara mbili. Mistari ile ilimtisha Mkunde kuliko ukuta.

"Basi tusingoje. Akitimiza miaka saba njia hizi zinakauka, hatutaweza kuzigusa tena. Alhamisi tumlegeze."

Kulegeza kulikuwa hivi. Mtoto analazwa usingizi kwa saa sita. Mashine inairudia hati nukta kwa nukta, na kila uzi wa hofu inaufungua fundo. Lakini mtoto asiyeshikwa na kitu wakati huo huchukuliwa vyote alivyo navyo, kama nguo iliyofumuka. Kwa hiyo hupigiwa kigingi. Kigingi ni mapigo ya moyo aliyoyasikia kiotani, yale yaliyorekodiwa kwa kizibao cha mitambo alichovishwa mama na kupigwa masikioni mwake usiku na mchana mama anapokuwa mbali. Akiamka, anawekwa kwenye kifua chenye mapigo yale yale. Hapo mwili unasema: nimefika.

"Hayawezi kuwa mapigo mengine? Yakirekodiwa leo?"

"Hayawezi. Ni yale ya mwanzo tu, kabla utosi haujafunga." Daktari akageuza ukuta. Nukta za buluu zikajitokeza, zile za vipimo vyake vya kila mwaka, zimeshonana na nyekundu. "Na kwako wewe hilo ni muhimu zaidi. Buluu ni wewe. Kila aliposhtuka tangu mmetoka hapa, wewe ndiye uliyekuwa mbele yake. Sura yako, harufu yako, sauti yako, zote zimefungwa kwenye fundo moja na hofu. Bila mapigo yako kukushikilia, tukivuta uzi wa hofu, na wewe unakwenda nao."

Mkunde akazifuata nukta za buluu kwa kidole mpaka mwisho wa ukuta.

"Nalazimika kukuuliza mara tatu kabla ya kumlegeza, kama bibi harusi anavyoulizwa na shehe," daktari akatabasamu. "Hii ya kwanza. Mapigo yaliyomo kwenye kiota cha Hamdani ni yako?"

"Ni yangu," akasema Mkunde. Jibu lilitoka lenyewe, mbio, kama panya aliyefunuliwa.

Alipotoka, kwenye benchi la ukumbini alikuwepo mtoto wa kike wa miaka minane hivi, nywele zimesukwa vizuri, magoti yamebanwa pamoja. Mkunde akamsalimu kwa mazoea. Mtoto akaitikia, akasimama, akamshika mkono.

"Twende?" akauliza.

"Twende wapi, mama?"

"Kwenu."

Hakuwa anadeka. Alitazama mbele tu, tayari kwa safari. Muuguzi akaja, akamtoa mkono taratibu, na mtoto akashika mkono wa muuguzi vilevile, kwa nguvu ileile, kwa uso uleule.

"Msamehe, dada. Huyu alilegezwa mwaka juzi. Viota viwili vilibadilishana hati, akapigiwa kigingi cha mtu mwingine, akaamkia kifuani kwa mama yake. Haogopi kitu. Ila pia hana mtu. Anakwenda na yeyote." Muuguzi akashusha sauti. "Mama yake humfunga mlango kwa nje. Halii hata akifungiwa."

Mkunde alishuka mlima huku kiganja chake bado kina joto la kile kimkono.

*

Mambo yalivyokuwa, ambayo nyumba nzima iliyajua na hospitali haikuyajua, ni haya.

Miaka sita na ushei nyuma, Mkunde alijifungua kabla ya siku akiwa na kifafa cha mimba. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda Mbeya kufunga nyaya, na nyaya zikamfunga yeye hukohuko. Walimletea kizibao kitandani. Mara tatu alikivaa, mara tatu kikawaka njano: mapigo hayajatulia. Muuguzi wa zamu alimwambia kwa upole kwamba moyo wenye hofu humfundisha mtoto hofu. Maneno hayo yalimwongezea Mkunde mbio za moyo badala ya kuzipunguza. Na kule kiotani, mtoto alikuwa akilala na mlio wa mashine peke yake.

Saa kumi jioni, saa ya kutazama wagonjwa, wakaingia wanawake watano wa nyumba ya Mama Tesha na chupa za uji. Uji ulikuwa bado haujamiminwa walipokata shauri. Nyumba yao ilikuwa ya kusaidiana: mwenye chumvi anatoa chumvi, mwenye kitanda anatoa kitanda. Nani kati yetu ana moyo uliotulia? Hapakuwa na ubishi. Bi Havijawa wa chumba cha kwanza, mkaanga vitumbua, mjane, mnene, mpole kama gogo. "Huyu hata nchi ikipinduliwa," Sikudhani alisema, "atageuza kwanza kitumbua." Wakamzungushia pazia, wakamvika kizibao chini ya khanga. Kijani. Mapigo hamsini na nane kwa dakika. Wakacheka mpaka muuguzi akawafukuza. Walidhani ni azima ya siku moja, kama ungo. Jioni ile ile kizibao kikachukuliwa, kikafungwa lakiri, mapigo yasibadilishwe tena.

Siku arobaini na moja Hamdani aliusikiliza moyo wa Havijawa. Alipoletwa nyumbani, akilia na mashavu yamekauka, alinyamaza mahali pamoja tu. Mkunde atembee naye, aimbe, amnyonyeshe, mtoto anajikunja kama samaki. Havijawa akimlaza kifuani huku anachagua mchele, kimya. Hata zile pumzi zilipoanza kukatika, kwa Havijawa zilikatika kidogo, zikarudi.

Wivu hauna adabu. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu, asubuhi moja alimkimbia Mkunde akajitupa kwa Havijawa, na Mkunde akasimama katikati ya uani, watu wamejaa, akauliza, "Umemfanyia nini mwanangu hata kifua changu kikawa miiba?" Kisha akalitaja neno lenyewe. Mchawi. Havijawa hakujibu. Alimalizia vitumbua vilivyokuwa motoni, kesho yake akahama na kikaango kichwani. Hakuna aliyemtetea. Nyumba iliyojaa midomo, na siku ile kila mmoja alikuwa anatafuna.

*

Kikao kilikaliwa uani Jumatano baada ya adhuhuri, watoto wamepelekwa kwa jirani kuangalia mbuzi.

"Nyamaza tu huko hospitali," Mama Tesha akamwambia Mkunde. "Moyo ni moyo. Unadunda tu. Mashine itajuaje?"

"Mashine haijui, ila mtoto atajua," Sikudhani akajibu. "Hujasikia Mkunde alivyomwona yule binti?"

"Nimesikia. Na mimi nasema ni hadithi za manesi, wanapenda kutisha watu ili wapate kuheshimiwa."

"Mama Tesha, alinishika mkono," Mkunde akasema. "Alikuwa tayari kuja hapa. Tungempa chumba, angekaa. Angeitwa na mwingine barabarani, angekwenda."

Mama Tesha akavuta ungo wa vitunguu, akaanza kumenya, jambo ambalo watu walilikumbuka baadaye.

"Basi usimlegeze," mwingine akanong'ona. "Tuendelee na kapu letu."

"Mpaka lini? Tumeziba kila kitu na bado kimeingia kwa mlango wa uani. Shule hawamtaki. Mia na thelathini na nane. Ijayo nitahesabu mpaka ngapi?"

"Ukisema kweli, je?" Sikudhani akauliza.

"Watamwita Havijawa. Ataamkia kwake. Atapona." Mkunde aliuvuta ukosi wa gauni lake kana kwamba unamkaba. "Na mimi hatanijua. Daktari ameniambia bila kujua anachoniambia. Nimekuwepo kila alipoogopa. Wakitoa hofu wananitoa na mimi."

Hapo hata waliokuwa wakimenya vitunguu waliacha. Mkunde aliwatazama mmoja mmoja akingoja mtu amwamulie, maana nyumba ile iliamua kila kitu kwa pamoja, kuanzia zamu ya choo mpaka nani aolewe na nani. Wote waliangalia chini.

*

Havijawa alikuwa Kihonda, kwenye kibanda cha bati safi, kikaango chenye mashimo saba kikifuka mbele yake. Miaka sitini na mbili sasa. Nywele zimekuwa nyeupe ila mikono ileile.

"Shikamoo, Bi Havijawa."

"Marahaba. Vitumbua vingapi?"

"Sikuja kununua."

"Basi sogea, unawazibia wanunuzi."

Mkunde akasogea, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza yote. Alieleza mia na thelathini na nane, alieleza binti wa kwenye benchi, alieleza nukta za buluu. Havijawa aligeuza vitumbua kimoja kimoja kwa kijiti. Mkono wake haukutetemeka hata mara moja, na Mkunde akatambua kwamba ndicho kilichokuwa kikimtia kichaa miaka yote ile.

"Kwa hiyo mchawi sasa anahitajika," Havijawa akasema mwishowe.

"Bibi—"

"Tulia. Miaka minne nimekaa hapa nikijiuliza nilimfanya nini yule mtoto. Usidhani maneno yako yaliishia uani kwenu. Kuna siku niliamini." Akachota mafuta, akamimina. "Mimi ni mzee, Mkunde. Nimezika mume na watoto wawili. Nimejifundisha kuamka bila mtu wa kumwogopea. Unataka nianze tena kuogopa? Nimsikilize mtoto usiku kama anapumua?"

"Ndiyo," Mkunde akasema.

"Na akishanishika, kesho utasimama tena uani?"

"Sitasimama."

"Ulisimama ukiwa na haki ndogo kuliko utakayokuwa nayo kesho. Wewe ndiye mama. Moyo utakuuma kuliko ule wa kwanza." Havijawa akamkazia macho kwa mara ya kwanza. Yalikuwa macho ya mtu aliyeogopa, na hilo lilimshtua Mkunde, maana siku zote alidhani moyo wa yule mwanamke hauna mlango wa hofu. "Uliniita mchawi mbele ya watu. Utanitoa uchawi mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Kisha nitavaa viatu."

Alasiri hiyo nyumba ya Mama Tesha ilijaa mpaka vibarazani, maana habari zilikuwa zimetangulia. Mkunde alisimama pale pale karibu na karo. Alisema kwa sauti iliyofika barabarani kwamba alisema uongo, kwamba mwanamke huyu hakumroga mtu, kwamba alimwazima mwanawe moyo na yeye akamlipa kwa tusi. Sauti ilimkatika katikati, Havijawa akamwambia, "Malizia." Akamalizia. Mama Tesha akalia kwa kwikwi, akaomba radhi kwa niaba ya midomo yote, kisha akauliza kama vitumbua vimebaki.

*

Alhamisi saa moja asubuhi, daktari Kwayu alikuja na kishikwambi chake. "Mara ya pili, dada Mkunde. Mapigo ni yako?"

"Siyo yangu. Ni ya huyu," Mkunde akasema, akamsogeza Havijawa mbele.

Daktari alisikiliza hadithi yote amesimama. Ilipofika kwenye kizibao na pazia, akakaa chini, akajishika paji la uso. Mkunde alingoja kufokewa.

"Ungenyamaza," daktari akasema, "leo jioni ningekuwa nimeongeza mtoto wa pili kwenye lile benchi, kwa mikono yangu." Akafuta jasho. "Sasa lazima nikuulize kitu kingine, na hakiko kwenye fomu. Umeelewa atakavyoamka?"

"Nimeelewa."

"Hakuna dawa ya kuirudisha sura yako kwake. Mtaanza upya. Kuna waliofanikiwa, kuna ambao hawakufanikiwa. Siwezi kukuahidi."

"Daktari, ukiendelea kuongea nitamchukua nikimbie naye. Mpeleke."

Hamdani alikuwa amelala tayari, mkono mmoja umefumbata kifuniko chekundu cha soda. Mkunde aliinama, akamnusa utosini mara ya mwisho akiwa mama yake. Kisha mlango ukafungwa, na kwa saa sita alikaa akisikiliza, kupitia ukuta, du, du, du ya polepole, moyo wa mtu mwingine ukimshika mwanawe wakati kila kitu kingine kinafunguliwa. Mara mbili alisimama akashika kitasa. Mara ya kwanza alijiambia kwamba mtoto yu hai, anatembea, anacheka siku nyingine, hakuna aliyemlazimisha kumtoa kwa mwingine. Mara ya pili hakujiambia chochote, mkono tu ulikwenda. Sikudhani, aliyemsindikiza, akauweka mkono wake juu ya ule wa Mkunde, wakabaki hivyo, bila kufungua, bila kurudi kukaa.

Saa nane mchana wakawaita.

Havijawa alikuwa ameegemea mito, khanga imefungwa kifuani, na Hamdani juu yake. Mkunde hakuruhusiwa kupita mstari wa njano sakafuni. Alimwona mwanawe akijinyoosha. Aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona tangu amzae: mgongo wa Hamdani ulilegea. Ulilegea wote, kutoka shingoni mpaka kiunoni, akazama kwenye kile kifua kama mtu aliyerudi safari ndefu, akavuta pumzi moja kubwa na kuiachia.

Mashine ya ukutani ikalia. Ti, ti, ti.

Mkunde akaanza kuhesabu bila kutaka. Moja. Mbili.

Hamdani aliinua kichwa. "Kile nini?"

"Mashine tu, baba," Havijawa akasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake ilitikisika.

"Inasema ti, ti." Akaiiga. Akacheka, akaiiga tena. Daktari aligeukia dirishani. Sikudhani alikuwa amejiziba mdomo kwa mtandio.

Kisha macho ya mtoto yakazunguka chumba yakamfikia Mkunde. Yalisimama. Yalimtazama kwa udadisi mwema, usio na hofu, usio na kitu kingine chochote. Yakaendelea kwa Sikudhani, yakarudi.

"Bibi, mbona huyu analia?"

Havijawa akafungua mdomo. Mkunde akatikisa kichwa. Daktari akampa ishara, naye akavuka mstari wa njano, akapiga magoti kando ya kitanda ili nyuso zao zilingane. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kuliko siku ile ya kizibao, na safari hii hakuutafutia mwingine wa kuushikia zamu.

"Nimefurahi umeamka," akasema. "Naitwa Mkunde. Nakaa nyumba mnayokwenda."

Hamdani alimkagua juu mpaka chini, kama watu wa nyumba ile wanavyomkagua mpangaji mpya.

"Chumba cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Unakaa na nani?"

Mikono ilimwomba Mkunde imguse mwanawe, akaikataza, akaiweka juu ya shuka, karibu na mguu wa mtoto lakini bila kuufikia.

"Kwa sasa," akasema, "nakaa peke yangu."